Mwanamke Aliyezika Moshi

Ukienda kwake kutafuta chumba, hakukuuliza kwanza unafanya kazi wapi wala una dini gani. Alikuuliza unakula nini. Mimi nilidhani ni ukarimu wa watu wa Majengo, nikamwambia kwa aibu kwamba ni mtu wa kawaida tu, nakula ndizi za kupika, viazi, maharagwe, na sukuma wiki ikipatikana. Akanitazama kama mtu aliyeletewa posa nzuri.

"Ndizi za kupika, mara ngapi kwa wiki?"

Nikasema karibu kila siku. Akanipa chumba cha tatu, chenye dirisha linalopata jua la asubuhi. Baadaye nikaja kujua kwamba karani mmoja aliyefika kabla yangu, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, alijibu kwamba yeye hutumia chai na mkate. Alipelekwa chumba cha mwisho, karibu na choo. Mkate hauna maganda.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba tisa vilivyozunguka ua, katika mtaa wa Majengo mjini Meru, si mbali na msikiti. Nilihamia hapo mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na cherehani, godoro na sufuria mbili. Wapangaji wote tulimwita Mama. Tukiwa peke yetu tulimwita Mwenye Nyumba, na ndivyo nitakavyomwita hapa, kwa sababu jina lake hakupenda litajwe ovyo. Nyuma ya vyumba palikuwa na shimo lililofunikwa kwa majani ya mgomba, na nyuma ya shimo kijishamba chembamba kilichoteremka kuelekea mtoni. Zamani watu walichimba murram pale, ule udongo mwekundu wa kutandaza barabarani, wakaondoka na udongo wote wa juu. Alipoanza kupashughulikia, alisema, hata kuku walipita bila kuchakura. Mimi nilipofika palikuwa na migomba, sukuma wiki ya kutosha vyumba vyote tisa, na malenge yaliyokuwa yakipanda ukuta wa jirani bila ruhusa.

Jumamosi yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo msichana yeyote wa kwetu angelifanya. Ilikuwa zamu yangu ya kufagia ua. Kwetu Mikinduri, msichana aliyelelewa vizuri hutambulika kwa ufagio na kiberiti. Anafagia mpaka ardhi inang'aa, anakusanya majani pembeni, anayawasha, na wapita njia wakiuona moshi wanasema pale pana mtu. Nami nilitaka nionekane mtu. Nilifagia ua, nikafagia nyuma ya choo, nikafagia chini ya migomba. Nilipoona lundo kubwa la majani makavu na maganda limepangwa kando ya shimo, nikashangaa uvivu wa mpangaji aliyeliacha pale, nikalitia moto.

Mwenye Nyumba alirudi kutoka sokoni akakuta moto umeshika. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akasimama karibu nami, tukautazama moshi pamoja ukipanda juu ya mabati.

"Umesafisha," akasema.

"Ndiyo, Mama," nikajibu, nikiwa bado nasubiri sifa.

"Hiyo ni miezi mitatu yangu inayopanda hapo. Ilikuwa hapa chini, ina kazi yake. Sasa iko juu, na huko juu hawana haja nayo."

Kisha akanituma maji. Tulipomaliza kuuzima moto akaniletea chai ya tangawizi, nikainywa huku nalia, yeye akinihadithia habari nyingine kabisa, habari za bei ya vitunguu, ili nipate nafasi ya kulia bila kuangaliwa. Nilianza kumpenda siku ile, ingawa sikuelewa bado nilikuwa nimechoma nini.

Maelezo yalikuja kupitia redio. Alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na hakukosa taarifa ya habari ya saa saba mchana. Miaka hiyo ndipo habari za dunia kupata joto zilipoanza kutufikia. Walisema hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa viwanda na magari na misitu inayochomwa, imezidi huko juu na inazuia joto lisitoke. Sisi wapangaji tuliisikia kama habari ya nchi za mbali. Yeye alisikia habari ya ua wake. Siku moja alizima redio, akachukua jani la mgomba, akatueleza akiwa amelishika mkononi.

"Mti unavuta hewa hiyo hiyo, unaigeuza jani. Jani likianguka una njia mbili. Ukilichoma, hewa inarudi juu kabla hujamaliza kikombe cha chai. Ukilizika, wadudu wanalila. Nyingine inarudi juu, sikatai. Lakini nyingine inashikana na udongo, inakaa, miaka na miaka, mradi usiuchokoze ovyo. Ule weusi mnaouona kwenye udongo mzuri ndio huo. Ni moshi uliokubali kukaa chini."

Katika chumba cha tano aliishi muuza miraa kutoka Kangeta, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Ndiye aliyesema, akitafuna, "Kwa hivyo Mama wewe unazikanga moshi."

"Nazika moshi, ndiyo."

"Na hizi magari zote za Nairobi? Hii shimo yako moja itasaidia nini?"

"Mimi sitaulizwa habari za Nairobi. Nitaulizwa habari za ua wangu. Lete hayo majani ya mgomba uliyofungia miraa, naona umeyaficha chini ya kitanda."

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimjua kama mama wa kuzika moshi. Wachinjaji wa Majengo walikuwa wakimwita dirishani, "Mama, leo tumechinja tatu, utatuma mtu ama utakuja?" naye akaenda na mkokoteni kuchukua nyasi zilizotoka matumboni mwa ng'ombe, nusu zimesagika, zikitoa mvuke. Alirudi akiwa amejitanda leso nyeupe isiyo na doa hata moja. Hilo lilinishinda kulielewa. Kazi yake yote ilikuwa samadi na maganda, lakini sikumwona na leso chafu miaka yote niliyoishi kwake, wakati mimi niliyekaa kwenye kiti nikishona sare za shule nilirudi nyumbani kila jioni nimejaa vumbi.

Yako mambo mengine yake ambayo hayakupatana. Mwanamke huyu aliyezika moshi alipenda udi kuliko chakula. Kila Alhamisi jioni alifukiza nyumba mpaka sisi Wakristo wa chumba cha pili hadi cha sita tukaenda kanisani Jumapili tukinukia harusi. Muuza miraa alimuuliza inakuwaje. Akajibu kwamba moshi wa udi una ruhusa, na hakueleza ruhusa hiyo imetolewa na nani. Tena alipenda nyama ya kuchomwa kwa makaa, na akila alifumba macho.

Lakini la kuchekesha zaidi ni kwamba aliogopa nyungunyungu. Aliwasifu kila siku, aliwaita wafanyakazi wake, alisema hakuna mwajiri mjini Meru mwenye wafanyakazi wengi kama yeye. Ila akigeuza udongo mmoja akajinyonganyonga mbele yake, alikunja leso, akarudi nyuma hatua tatu na kusema kwa heshima, "Fundi, njoo. Wafanyakazi wameamka." Fundi ni mimi. Nilimfunika yule mnyama kwa udongo, naye akaendelea kutoa sifa akiwa mbali.

Mabaki ya vitambaa vyangu aliyataka pia, pamba tu. Alinifundisha kuyatenga. Nilipomletea vipande vya nailoni alinirudishia akisema shimo lake limekula kila kitu isipokuwa hicho, na yeye hamlazimishi mgeni chakula.

Halafu kulikuwa na mwavuli. Ulikuwa mweusi, wa kiume, wenye ncha ndefu ya chuma, na sikumwona akiufungua hata mara moja. Mvua ikinyesha alijifunika leso kama kila mtu. Mwavuli ulikuwa wa kupimia. Alipofika mahali popote penye ardhi, alisimama, akauchomeka ncha chini, akaegemea kidogo, kisha akatazama umezama kiasi gani. Aliufunga nyuzi nyekundu tatu, nyuzi za cherehani yangu. Ukiingia ncha peke yake, alisema pamekufa. Ukifika uzi wa kwanza, pana mgonjwa. Uzi wa pili, pana pumzi. Uzi wa tatu, ule uliokuwa karibu na mpini, niliuona ukizama mahali pamoja tu, nyuma ya shimo lake, na siku hiyo alinikatia kipande cha malenge akanipa.

Tulimwalika harusi ya mpangaji mwenzetu, kanisani. Watu walipopanga mstari wa picha, yeye alionekana pembeni akichomachoma uwanja wa kanisa. Mchungaji akamwendea kumsalimia. "Nyimbo zenu ni nzuri sana," akamwambia, "lakini hapa nje pamekufa." Tuliona haya kwa niaba yake. Mwezi uliofuata mchungaji alimtuma mtu Majengo kuuliza maganda ya kahawa yanatandazwaje.

Sasa nifike kwenye jambo langu mwenyewe, maana bila hilo ningelimkumbuka kama mtu wa kuchekesha tu. Mwaka wa tisini na tatu nilikuwa nimechoka kuishi vyumba vya watu. Sikuwa nimeolewa na sikuona dalili. Usiku sikupata shida, shida ilinipata mchana, nikishona, nikijiona mzee kwenye chumba cha tatu cha mtu fulani. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu angeniambia nihame. Nikaenda Mikinduri kumwomba baba kipande cha ardhi, jambo ambalo binti wa kwetu hakulifanya kirahisi.

Nyumbani tulizungumza Kimeru, lakini baba alipenda kutoa maamuzi kwa Kiswahili, kama mtu wa baraza. Alinipeleka chini ya shamba, mahali tulipofyatulia matofali ya nyumba yetu nilipokuwa mdogo. Udongo wa juu wote ulikuwa umeondoka na matofali. Palibaki ardhi nyekundu, ngumu, iliyopasuka.

"Hii pahali haina kitu," akasema. "Ni ya kujenga tu. Lakini wewe jaribu. Ndugu yako akifika siku ya kuoa, na hapa bado hakujatoa chakula ya maana, atajenga nyumba yake hapa. Kukitoa, ni yako. Sitaki maneno."

Ndugu yangu mdogo alikuwa na miaka kumi na tisa na sura nzuri. Niliona siku zangu zinakwisha.

Nilimletea Mwenye Nyumba konzi ya udongo ule kwenye kitambaa. Akaunusa, akausugua kidoleni, akaunusa tena.

"Hauna harufu. Hata harufu mbaya hauna." Nilitazama chini. "Usilie, mwanangu. Huu si mbaya, huu una njaa. Ni ndugu wa wangu wa kule nyuma, wote wamenyang'anywa."

Nikamwuliza kama angenipa magunia ya udongo wake mweusi nikaumwage kule. Akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema udongo haupelekwi mahali, unapikwa papo hapo. Angenipa gunia moja moja, si la kujaza shamba, la kuwa hamira tu, kama unavyotia hamira kidogo kwenye unga wa mandazi. Unga lazima utoke Mikinduri kwenyewe. Mabua ya mahindi, mavi ya ng'ombe wa baba, nyasi za kando ya njia, majani ya migomba. Nichimbe mashimo mapana, niyajaze, nipande ndani yake, na mabua nisiyachome hata moja, niyalaze juu.

"Usiuache uchi," akasema. "Wewe ni fundi wa nguo, nikufundishe mimi kuvisha?"

Pikapu za miraa zilizoleta mzigo Meru zilirudi Mikinduri zikiwa tupu. Muuza miraa wa chumba cha tano aliongea na dereva mmoja, na hivyo hamira yangu ikasafiri bila taabu. Nilikwenda kila baada ya wiki mbili. Nilijitengenezea ufito wa kupimia wenye nyuzi tatu, kama mwavuli wake. Msimu wa kwanza maharagwe yalitoka ya manjano, mafupi, nikayang'oa kwa hasira, na Mwenye Nyumba alipouliza nimeyapeleka wapi nikasema nimeyatupa, akanirudisha wiki hiyo hiyo nikayaokote niyalaze kwenye mashimo. Msimu wa pili ufito ulifika nusu ya njia ya uzi wa kwanza. Nilirudi Majengo nikiimba.

Mwaka wa tisini na tano, kabla ya mvua za Oktoba, nikafika shambani nikakuta weusi. Si weusi wa udongo mzuri, ni majivu. Mabua yote, nyasi zote, nguo zote nilizolivisha shamba langu kwa miaka miwili zilikuwa zimekwisha, na ardhi imefagiwa mistari ya ufagio. Mama yangu alikuwa amesimama pembeni na kiberiti mkononi, anatabasamu.

"Nimekusafishia," akasema. "Watu walikuwa wanapita hapa wanasema binti yangu analima takataka. Nimeamka mapema siku mbili. Sasa unaweza kupita na kichwa juu."

Nilimshukuru. Ningefanya nini? Mgongo wake ulikuwa umemuuma siku mbili kwa ajili yangu. Nilipofika Majengo niliingia chumbani, nikajifunika shuka mchana kweupe. Nilijua ndugu yangu tayari alikuwa anamtembelea msichana mmoja upande wa pili wa bonde.

Mwenye Nyumba aliketi kwenye kitanda changu. "Mama yako amefagia kwa sababu anakupenda," akasema. "Kama wewe Jumamosi ile." Halafu akauliza pikapu zinaondoka saa ngapi.

Alikwenda Mikinduri na leso yake nyeupe na mwavuli wake. Njiani nilimfundisha kusema "Muga", na alimsalimia mama hivyo, kwa lafudhi yake ya ajabu, mama akacheka, mambo yakalainika. Kisha akatazama shamba langu lililoungua na kulisifu. Alisema hajawahi kuona ufagio uliopita vizuri hivyo. Nilimkasirikia sana. Mama akavimba kwa furaha, akaleta viti, akaleta uji. Ndipo Mwenye Nyumba akamuuliza, pole pole, siku alipoletwa hapa kama bibi harusi, shamba la kwanza alilima wapi.

Mama hakuwa na Kiswahili kingi, lakini alikipata siku hiyo. "Pale, chini ya ile mti ya muringa. Mchanga ilikuwa laini, mguu inaingia hivi." Akaonyesha kwa kiganja. "Jembe ilikuwa kazi ya mtoto."

"Na mlichoma?"

"Tulichoma, eh. Tulichoma mara moja." Nilimwona anafikiri, ameshika kikombe bila kunywa. "Halafu tulilima misimu tatu, ine, tukaacha. Tukaenda pale ingine. Hii inalala miaka mingi, miti inarudi, majani inaanguka. Siku hizi hakuna pahali ya kulaza. Watoto ni wengi, shamba ni hii tu."

"Lakini mnachoma."

"Tunachoma kila mwaka," mama akasema. Akatazama majivu kwa muda. "Ile ya kulaza tuliacha, tukabaki na ile ya kuchoma."

Mimi nilikuwa nimehangaika miaka miwili kutafuta namna ya kulisema jambo hilo, na mama yangu alilisema mwenyewe akiwa ameketi kwenye kigoda. Mwenye Nyumba alinyoosha mkono tu, na mama akamwekea kiberiti kiganjani. Alikwenda nacho Majengo, akakitumia kuwashia udi wiki nzima, akasema ni kiberiti kizuri.

Tangu hapo mama akawa mkali kuliko mimi. Alifukuza watu waliokuja na moto hata wa kuwashia sigara. Alikusanya mabua ya majirani waliotaka kuyachoma, akayabeba mgongoni, na wakimcheka aliwajibu kwamba yeye anazika moshi, na kwamba alisikia hivyo redioni. Hakuwa na redio. Mwaka uliofuata nikahamisha cherehani yangu kwenda soko la Mikinduri ili niwe karibu na shamba, na Mwenye Nyumba akanipa gunia la mwisho la hamira na karipio refu kuhusu nailoni.

Ikaja mvua ya mwaka wa tisini na saba, ile iliyoitwa Elnino hata na watu ambao hawakujua neno hilo limetoka wapi. Ilinyesha mpaka kuta zikaota ukungu na njia zikakatika. Asubuhi moja nilimwona baba amesimama katikati ya shamba na gunia kichwani. Upande aliopewa ndugu yangu kulima, maji yalikuwa yanakimbia mekundu kuelekea mtoni, yanapita na mbolea yake na mbegu zake. Upande wangu maji yalikuwa yanaanguka na kupotea chini ya mabua. Alisimama pale muda mrefu, akarudi ndani, akaomba uji. Msimu huo nilivuna mahindi na maharagwe, na magunia yalikaa kwenye kona ya nyumba ambapo kila mtu aliyaona.

Lakini baba hakuwa mtu wa kubadilika kwa mavuno ya msimu mmoja. Mwaka wa tisini na nane ndugu yangu alipotangaza kwamba anaoa, baba aliamka akaenda kule chini na kamba ya katani na vigingi vinne. Nilimkimbilia. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe.

"Mvua ya mwaka jana," akasema, "hata kwa barabara mahindi yaliota. Hiyo si shamba, hiyo ni bahati. Chini bado ni ile mwamba ya matofali, mimi naijua, nilichimba na mikono yangu. Nyumba itasimama vizuri."

Akagonga vigingi. Sikulala vizuri, sikula vizuri. Nilimtumia Mwenye Nyumba ujumbe kwa dereva wa pikapu. Sikuwa nimemwona kwa karibu miaka miwili na sikujua kama angekuja.

Alikuja siku ya tatu. Muuza miraa wa chumba cha tano alimshika mkono kumshusha kwenye gari, na nilishtuka kuona amekuwa mdogo hivyo. Leso ilikuwa nyeupe kama zamani. Mwavuli sasa alikuwa anautembelea kweli, anauegemea kila hatua, na zile nyuzi nyekundu zilikuwa zimepauka zikawa rangi ya chai ya maziwa. Alimwambia mama "Muga" kabla mama hajafungua mdomo. Aliniangalia mikono, akaona weusi chini ya kucha, akaridhika.

Baba alimpokea kwa heshima, akamwonyesha vigingi, akamweleza nyumba itakavyoelekea. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Alisema ni mpango mzuri na kwamba kijana ana bahati. Nilianza kuona ile hasira yangu ya zamani ikirudi. Kisha akamnyooshea baba mwavuli.

"Mimi mzee, mkono wangu hauna nguvu," akasema. "Hebu nipimie hapo katikati, baba, tujue msingi utakaa vizuri. Usukume kwa nguvu, maana umesema ni mwamba."

Baba akacheka kidogo, akaupokea. Aliusukuma kwa bega zima, kama mtu anayesukuma lango analojua limefungwa. Mwavuli ukazama, ukapita uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpini ukagonga mabua, na baba akafuata nao mpaka akapiga goti. Hakuna aliyecheka. Hata muuza miraa aliacha kutafuna.

Baba alibaki amepiga goti. Alitia mkono chini ya mabua, akatoa konzi, nyeusi, yenye unyevu, akaileta puani. Nyungunyungu mmoja mnene akachungulia katikati ya vidole vyake. Mwenye Nyumba alikunja leso na kurudi nyuma hatua tatu.

"Wafanyakazi," akamweleza baba kutoka kule alikosimama.

Baba aliurudisha ule udongo taratibu, akaufunika. Alinyanyuka, akapangusa goti, akatazama kigingi kilichokuwa karibu naye. Akakivuta kwa vidole viwili, kikatoka bila kubisha. Akaenda kwenye cha pili, na cha tatu, na cha nne, akavifunga pamoja kwa kamba yake. Alipomaliza alimtazama ndugu yangu, hakunitazama mimi.

"Tafuta pahali ingine," akasema. "Hapa hakujengeki. Nyumba itazama."

Mimi nilikuwa nimeshika kanga mdomoni. Mwenye Nyumba alirudi polepole, akauchomoa mwavuli wake kwa shida, akaufuta ncha kwa jani, akauliza kama kwa Wameru mgeni hapewi chai.